Mahakama ya mwanzo iko mji jirani: shauri letu lifunguliwe wapi?

Msomaji mmoja, mfanyabiashara wa mpunga, ametuuliza hivi:

"Mji wetu mdogo hauna mahakama ya mwanzo. Miaka yote tunatumia ya mji jirani, ambao uko chini ya halmashauri nyingine. Hakimu hukaa pale siku mbili kwa wiki, siku nyingine yuko kituo kingine. Namdai mtu shilingi 4,800,000 za magunia 60 ya mpunga niliyompa kwa mkopo. Nimefungua shauri kule, naye anasema mahakama ile haimhusu kwa kuwa si ya halmashauri yetu. Je, ni kweli? Pia viongozi wa miji yote miwili wanataka tujenge jengo moja la mahakama kwa pamoja. Tuanzie wapi?"

Ndugu msomaji, mdaiwa wako ameshika mpaka usiohusika. Mamlaka ya mahakama ya mwanzo Tanzania Bara hayafuati halmashauri. Yanafuata wilaya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, kifungu cha 3, inasema kila wilaya itakuwa na mahakama za mwanzo, na mahakama hizo zitafanya kazi ndani ya wilaya zilimoanzishwa. Haikugawa kata kwa kata wala halmashauri kwa halmashauri. Chukua Wilaya ya Kahama: ina halmashauri tatu, yaani Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu. Kwa mambo ya ushuru wa mazao na leseni, mtu wa Ushetu na mtu wa Kahama mjini wana ofisi tofauti. Kwa mahakama ya mwanzo wako wilaya moja, na hoja kwamba "hii ni ya halmashauri ya wenzenu" haina mashiko. Ndivyo ilivyo pia Njombe, ambako Makambako ina halmashauri yake ya mji lakini iko ndani ya Wilaya ya Njombe, na Mufindi, ambako Mafinga ni halmashauri ya mji ndani ya wilaya ileile.

Kwa hiyo kabla ya kumjibu mdaiwa, thibitisha jambo moja: mji wenu na mji ule viko wilaya moja? Usiulize kijiweni. Nenda kwa mtendaji wa kata akuandikie barua ya utambulisho inayotaja kijiji au mtaa, kata, tarafa na wilaya unayoishi. Omba na ya mahali anapoishi mdaiwa, kama ni kata nyingine. Kisha tazama muhuri wa mahakama kwenye samansi au risiti yako na uone mahakama hiyo iko wilaya gani. Kama ni wilaya moja, hoja ya mdaiwa imekwisha. Ziweke barua hizo kwenye jalada siku atakapoitaja mbele ya hakimu.

Kama ni wilaya mbili, hapo pana kazi. Hali hii ipo sehemu nyingi. Ruaha na Kidatu mkoani Morogoro ni majirani wanaotenganishwa na mto, lakini Ruaha iko Wilaya ya Kilosa na Kidatu iko Wilaya ya Kilombero. Mtu anaweza kuvuka daraja kwenda sokoni kila siku, ila anapofungua shauri upande wa pili lazima aonyeshe kinachomfikisha pale. Katika madai ya kawaida njia ni mbili: mdaiwa anaishi ndani ya wilaya ya mahakama hiyo, au chanzo cha madai kimetokea ndani ya wilaya hiyo. Ukipata mojawapo inatosha.

Kwako wewe swali linakuwa: mpunga aliupokea wapi, na mlikubaliana alipe wapi? Kama magunia yalipakiwa kwenye ghala lililo mji ule wa jirani, chanzo cha madai kipo kule, hata kama ninyi wawili mnalala upande huu. Tatizo ni kwamba hati nyingi za mikopo ya mazao hazitaji mahali. Utakuta zimeandikwa "Nimepokea gunia 60 za mpunga, nitalipa mwezi wa nane", sahihi, basi. Karatasi hiyo inathibitisha deni na haisemi lolote kuhusu mamlaka ya mahakama. Hati inayokulinda inasomeka hivi: "Mimi fulani, mkazi wa kijiji fulani, kata fulani, wilaya fulani, leo tarehe fulani nimepokea magunia 60 ya mpunga kwa bei ya shilingi 80,000 kila gunia, jumla shilingi 4,800,000, kwenye ghala lililopo kijiji fulani, wilaya fulani. Nitalipa fedha zote hapohapo ghalani kabla ya tarehe fulani." Weka sahihi za pande zote na mashahidi wawili. Kwa deni ambalo tayari lipo, mahali patathibitishwa kwa ushahidi: mwenye ghala, wapakiaji, dereva, au risiti ya ushuru wa mazao ikiwepo.

Madai yako unaweza kuyapeleka kwa maandishi, au ukayaeleza kwa mdomo mahakamani yakaandikwa, ukasomewa na kutia sahihi. Kabla hujatia sahihi, hakikisha yamebeba mambo haya: jina la mahakama, majina na makazi yenu wote wawili, lini na wapi deni lilitokea, kiasi, na unachoomba. Sehemu ya "wapi" ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoleta pingamizi baadaye. Kuhusu kiasi huna shida. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mahakama ya mwanzo inasikiliza madeni ya mkataba yasiyozidi shilingi 30,000,000.

Kuna jambo watu wa miji jirani hulichukulia kirahisi. Husema, "Sisi sote tumekubali kusikilizwa pale, nani atalalamika?" Makubaliano ya wadaawa, yaani pande za shauri, hayaipi mahakama mamlaka isiyokuwa nayo. Na pingamizi la mamlaka halina siku ya mwisho: aliyenyamaza shauri lote anaweza kuliibua kwenye rufaa baada ya kushindwa. Likikubaliwa, mwenendo wote, yaani usikilizaji uliokwisha kufanyika, unafutwa pamoja na hukumu, mnaanza upya kwenye mahakama sahihi, na nauli na miezi uliyotumia hairudi. Ndiyo maana nasisitiza hili litatuliwe siku ya kwanza, wakati bado ni rahisi.

Ukigundua katikati ya safari kwamba ulikosea mahakama, usisubiri hukumu. Kifungu cha 47 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu shauri lihamishwe wakati wowote kabla ya hukumu. Mahakama ya mwanzo yenyewe inaweza kulihamisha kwa idhini ya mahakama ya wilaya, ikiandika sababu kwenye kumbukumbu, au mahakama ya wilaya ikaamuru. Mojawapo ya sababu zinazokubalika ni hiyo yako, kwamba jambo lilitokea nje ya mipaka ya mahakama. Andika barua kwa hakimu anayesikiliza shauri, nakala kwa Hakimu Mfawidhi (hakimu kiongozi) wa mahakama ya wilaya, utaje namba ya shauri, hatua liliyofikia, mahakama unayoomba lipelekwe na sababu. Kwamba kule ni mbali au nauli ni kubwa, kueleze, lakini usikufanye hoja yako kuu.

Mashauri mengine yana kanuni yake ya mahali, na hapa ndipo familia nyingi za mpakani hupotea.

Mirathi hufunguliwa pale marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu alipofariki. Alipozikwa hapahusiki, lilipo shamba hapahusiki, anapoishi mtoto mkubwa hapahusiki. Mzee aliyeishi wilaya yenu na kuacha nyumba mbili mji jirani, mirathi yake inafunguliwa wilaya yenu, na msimamizi akishateuliwa ndipo anafuatilia nyumba zile. Nimeona familia zikifungua pande zote mbili kwa nia njema, kila upande ukiwa na muhtasari wake wa kikao cha ukoo, na matokeo yake ni wasimamizi wawili wa mali moja, jambo linaloishia mahakama za juu. Fungueni moja. Msimamizi naye akumbuke kwamba ana miezi minne ya kurejesha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Umbali wa mahakama haumpi nafuu, labda aombe kuongezewa muda na apewe.

Talaka inahitaji kwanza hati ya baraza la usuluhishi la ndoa inayosema usuluhishi umeshindikana, na hati hiyo isiwe na zaidi ya miezi sita siku ya kufungua shauri. Baraza linalohusika ni la kata anapoishi mume. Mke aliyerudi kwao mji jirani akapata hati kwenye kata ya wazazi wake hujikuta akirudishwa.

Ardhi usiipeleke kabisa mahakama ya mwanzo. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa linatoa hati. Siku 30 zikipita bila usuluhishi kukamilika unaruhusiwa kwenda mbele bila hati hiyo. Shauri lenyewe linasikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza hayo sheria imeruhusu yaanzishwe kwa wilaya, mkoa au kanda, ndiyo sababu kwa miaka mingi lile la Ifakara limehudumia Kilombero na Ulanga kwa pamoja. Huko kuchangia kumewekwa na sheria yenyewe. Usidhani mahakama ya mwanzo nayo iko hivyo.

Turudi kwa hakimu wenu wa siku mbili. Hakimu mmoja kuhudumia vituo viwili ni utaratibu wa kawaida, na shauri haliharibiki kwa sababu hiyo. Yanayoharibu ni mambo madogo ya kumbukumbu, na hayo mwananchi anaweza kuyalinda mwenyewe akijua pa kuangalia.

La kwanza ni washauri wa mahakama, wale wazee wa baraza. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu kinataka hakimu aketi na washauri wasiopungua wawili. Hawako pale kwa mapambo: uamuzi hupatikana kwa pamoja, na wakitofautiana unafuata wingi wa kura, hakimu akiwa na kura ya uamuzi zikilingana. Wakiafikiana, hukumu husainiwa na wote. Sasa mahakama inapochangiwa na miji miwili, siku yako mzee mmoja hayupo kwa kuwa anatoka mji wa pili na mvua imekata njia. Kinachotokea ni moja kati ya mambo matatu. Shauri linaahirishwa, na hilo ni sahihi japo linaumiza. Au anaketishwa mshauri mwingine aliyekuwepo, ambaye hakuwasikia mashahidi wako wa kwanza, kisha yeye ndiye anatia sahihi hukumu. Au hakimu anaendelea na mmoja. Mambo haya mawili ya mwisho ni hoja za rufaa alizopewa bure yule atakayeshindwa. Ni kweli kifungu cha 37 kinazuia hukumu kutenguliwa kwa kasoro ambazo hazikusababisha haki kupotea, lakini kuingia kwenye mabishano hayo ni gharama. Kila siku ya shauri andika kwenye daftari lako tarehe, jina la hakimu, majina ya washauri na kilichofanyika. Ukiona sura mpya, simama kwa heshima na uombe iandikwe kwenye mwenendo kwamba mshauri fulani hayupo. Na ikiwa mtu atakuomba uchangie nauli au chakula cha washauri, usitoe. Posho yao hulipwa na Mahakama.

La pili ni namba na jina la mahakama. Hakimu akiwa na vituo viwili, kila kituo kina rejesta yake. Ukilipa ada kwa namba ya malipo ya serikali, soma risiti: imetaja kituo gani? Samansi nayo? Shauri lililosajiliwa kituo kimoja na kusikilizwa kingine bila amri ya kuhamishwa hukuletea kero siku unapotafuta nakala, kwa kuwa kila karani atakuelekeza kwa mwenzake. Likitokea, liseme palepale lirekebishwe.

La tatu ni tarehe. Usiondoke mahakamani na tarehe ya kusikia kwa mdomo. Itazame inavyoandikwa kwenye jalada, kisha uoanishe na siku za hakimu pale kwenu. Kama siku zenu ni Jumanne na Alhamisi na umepewa tarehe inayoangukia Jumatano, uliza sasa hivi. Mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa. Mdaiwa asipofika linaweza kusikilizwa upande mmoja. Mahakama inaweza pia kumruhusu ndugu yako au mtu wa kaya yako akuwakilishe kwenye shauri la madai ukiomba, na kwa mgonjwa au mzee aliye mbali ruhusa hiyo ni msaada mkubwa. Aende na barua yako yenye sahihi.

Samansi zinazovuka mpaka wa wilaya huchelewa kuliko kitu kingine chochote. Mpe karani maelezo kamili ya mdaiwa: kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti wa kitongoji, namba ya simu, alama ya karibu kama shule au mashine ya kukoboa. "Mkazi wa mji jirani" haitoshi, na samansi itarudi bila kupokelewa.

Ukishindwa, rufaa inakwenda mahakama ya wilaya ilimo mahakama ya mwanzo iliyotoa hukumu, hata kama wewe ni mkazi wa wilaya nyingine. Muda ni siku 30 tangu siku ya uamuzi. Wengi hukaa wakisubiri nakala ya hukumu hadi muda unapita. Kwa rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo sheria haikulazimishi kuambatisha nakala, kwa hiyo omba nakala kwa barua siku ileile, lakini sababu zako za rufaa zipeleke ndani ya siku 30, ikiwa imefika au haijafika.

Kuhusu jengo la pamoja, wazo ni zuri na naliunga mkono, ila viongozi wenu waanze wakijua mipaka yao. Kata, kijiji na halmashauri haviwezi kuanzisha mahakama wala kupanua mamlaka yake. Hilo ni la Mahakama ya Tanzania. Kama miji yote miwili iko wilaya moja, jengo moja litahudumia wote bila kikwazo cha kisheria, na kinachobaki ni kukubaliana mahali. Kama ni wilaya mbili, halmashauri zinaweza kutia sahihi makubaliano kumi na bado mahakama itakayokuwa ndani ya jengo itabaki ya wilaya moja. Watu wa upande wa pili wataendelea kuhitaji ile njia ya makazi ya mdaiwa au chanzo cha madai, na mirathi yao na makosa ya jinai yaliyotokea kwao havitasikilizwa hapo. Mwambieni kila mtu ukweli huo kabla ya kuanza kuchangisha, maana fedha ikishatoka mfukoni mwa mtu kwa ahadi isiyotekelezeka, ugomvi wake ni mrefu.

Njia ya ombi ni barua ya pamoja kutoka mikutano ya hadhara ya kata husika, ikiwa na mihtasari na orodha ya mahudhurio, kwenda kwa Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Mtendaji wa Mahakama wa kanda yenu ya Mahakama Kuu. Msiombe kwa maneno matupu ya "wananchi wanateseka". Wekeni vitu vinavyoweza kuhakikiwa: kilomita kutoka kila kata hadi mahakama ya sasa, nauli ya kwenda na kurudi, miezi ambayo barabara haipitiki, idadi ya mashauri yanayotoka kata zenu kwa mwaka (karani anaweza kuwahesabia kutoka rejesta kwa kibali cha hakimu), kilipo kituo cha polisi, na idadi ya watu kwa sensa ya 2022. Wakati mnasubiri, ombeni kitu kidogo zaidi ambacho ni rahisi kukipata: siku maalumu za mahakama kuketi kwenye mji wenu. Mahakama inaweza kuketi mahali pengine ndani ya mipaka yake, na ukumbi wa kata hutosha ukiwa na chumba cha pembeni cha hakimu, mlango unaofungwa, meza tatu, na utulivu. Msitoe ukumbi unaotazamana na ofisi ya chama au uliojaa mabango yake, kwa sababu mdaawa akiingia pale lazima aone kwamba pale si pa upande wowote.

Kwenye ujenzi, kosa linalokwamisha kazi ni ardhi. Kijiji hutoa eneo kwa muhtasari wa mkutano, watu wanafyatua matofali, kuta zinafika kwenye linta, kisha mwenye shamba wa zamani au mrithi wake anajitokeza. Mahakama haiwezi kuhamia kwenye kiwanja chenye mgogoro. Eneo lipimwe na fidia ilipwe kwa maandishi, hati itoke kwa jina la Mahakama, ndipo tofali la kwanza lifyatuliwe. Ramani iombwe Mahakama kabla ya msingi, kwa sababu jengo linahitaji vitu ambavyo fundi wa kawaida hatavifikiria: masjala yenye kufuli na dirisha la nondo, mahabusu ya wanaume na ya wanawake kila moja na mlango wake, njia ya mtuhumiwa isiyopita katikati ya mashahidi, mlango wa kiti cha magurudumu, vyoo vya wananchi, umeme na intaneti, kwa kuwa mashauri sasa yanaendeshwa kwenye mfumo wa kielektroniki. Banda la kivuli la kusubiria nalo liwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Watu wa mji wa pili watafika na basi la asubuhi, na kabla ya kuitwa watakaa pale kwa saa kadhaa.